Vifaa vya picha vikiibwa kazini, bima italipa?

Swali: Napiga picha za harusi na mikutano karibu kila wikiendi. Nina bodi mbili za kamera, lenzi nne, flashi tatu na droni. Bima ya nyumba yangu inataja "vifaa vya kielektroniki", na wakala aliniambia kwa mdomo kwamba wizi umo. Siku ya kazi vifaa hubaki garini kati ya ibada na tafrija, na mara nyingine msaidizi wangu huondoka navyo akalala navyo kwake. Vikiibwa nitalipwa? Au nikate bima nyingine?

Jibu: Kwa hali uliyoeleza, jiandae kwamba hutalipwa. Sababu ni tatu, na kila moja peke yake inatosha kuangusha dai: vifaa vinakuingizia kipato, viko nje ya nyumba iliyokatiwa bima, na kwa usiku mzima vinakuwa mikononi mwa mtu ambaye kampuni haimjui. Bima nyingine unaihitaji. Lakini kabla ya kulipa ada mpya, elewa jambo ambalo wapiga picha wengi hulijua baada ya kuibiwa: bima ya wizi hailipi kwa sababu tu kitu kimepotea. Inalipa kulingana na namna kilivyoibwa. Kamera ileile ikichukuliwa kwa njia moja unafidiwa, ikichukuliwa kwa njia nyingine hupati kitu, na tofauti hiyo imeandikwa kwenye mkataba tangu siku ya kwanza.

Nianze na bima ya nyumba. Imekusudiwa vitu vya matumizi binafsi. Mikataba mingi huondoa kabisa vifaa vya biashara, au huviwekea kikomo kidogo kisichofika hata bei ya lenzi moja nzuri. Hata kwa anayepiga picha kwa kujifurahisha kuna mtego mwingine, nao ni kikomo cha kitu kimoja. Kitu chochote chenye thamani inayozidi kikomo hicho lazima kitajwe kwa jina kwenye jedwali la mkataba, la sivyo hulipwa kwa kikomo tu au hakilipwi. Halafu kuna suala la ukweli uliosema ulipojaza fomu. Anayekata bima ana wajibu wa kueleza mambo yanayoweza kubadili uamuzi wa kampuni kumkubali au kumpangia ada. Kama fomu inasema umeajiriwa ofisini na haikutaja harusi za wikiendi, kampuni inaweza kukataa dai lako kwa hilo pekee. Maneno ya wakala hayatakusaidia, kwa sababu kinacholipa ni kilichoandikwa. Mwandikie barua pepe, umweleze kazi yako, na ujibiwe kwa maandishi.

Bima inayokufaa ni ya vifaa vinavyotembea, iliyoandikwa kwa mtindo wa hatari zote. Mtindo mwingine hutaja majanga moja moja (moto, mafuriko, wizi wa kuvunja), na ukidai ni juu yako kuonyesha kwamba hasara ilitokana na janga lililotajwa. Katika hatari zote, kila upotevu au uharibifu wa ghafla umo isipokuwa ulioondolewa kwa maandishi, na kampuni ikitaka kukataa ndiyo inayopaswa kuonyesha kipengele kinachokuondoa. Kwa hiyo katika mkataba wa aina hii anza kusoma ukurasa wa mambo yasiyofidiwa. Ukurasa wa mbele wenye ahadi unaweza kusubiri.

Humo utakuta kwamba neno "wizi" limegawanywa vipande. Wizi wa kuvunja ndio unaokubalika kirahisi, lakini lazima kuwe na alama: kitasa kilichong'olewa, kioo kilichopasuliwa, kufuli lililokatwa. Mwizi aliyeingia studio kwa ufunguo wa kuchonga hakuacha alama, na mikataba mingi inamhesabu kama mtu aliyeingia mlango ulio wazi. Unyang'anyi, yaani kuporwa kwa nguvu au kwa vitisho, kwa kawaida umo. Wizi wa kunyemelea, kama begi kubebwa chini ya meza ukumbini wakati uko jukwaani, unategemea kama begi lilikuwa na mwangalizi.

Kuna vipande viwili ambavyo watu hawavitarajii. Cha kwanza ni wizi wa udanganyifu. Mtu anakuja na kitambulisho bandia, anakodi bodi na lenzi kwa siku mbili, harudi. Kwako huo ni wizi mtupu. Kwenye mkataba, umempa kwa hiari yako, na vitu ulivyokabidhi kwa hiari kwa kawaida vimeondolewa. Anayekodisha vifaa anahitaji nyongeza maalumu kwa jambo hili, na huenda akatakiwa kuhakiki kitambulisho na kushika dhamana. Cha pili ni kutoweka kusikoelezeka: unafika nyumbani, unahesabu, lenzi moja haipo, na hujui ilipotea saa ngapi wala wapi. Hilo mikataba mingi hailipi. Kinga yake ni kuhesabu vifaa kila unapohama sehemu, ili upotevu ujulikane ukiwa bado na mahali na saa. Weka kila kitu kwenye nafasi yake ileile begini. Ukifungua zipu, pengo litaonekana lenyewe.

Sasa gari, maana hapo ndipo ulipo hatarini zaidi. Tafuta kipengele kinachohusu gari lisilo na mwangalizi. Masharti hutofautiana, ila mara nyingi yanadai yote haya kwa pamoja: milango imefungwa kwa ufunguo na vioo vimepandishwa, king'ora kimewashwa kama kipo, vifaa viko ndani ya buti iliyofungwa na havionekani kwa mtu aliye nje, na kuna alama za kuvunjwa. Mikataba mingi huongeza saa za usiku, ambapo gari lililoachwa halina kinga kabisa au linayo likiwa tu ndani ya gereji iliyofungwa. Sharti moja likikosekana, dai linaweza kuanguka, hata kama lile lililokosekana halikumsaidia mwizi kwa lolote.

"Bila mwangalizi" hutafsiriwa kwa ukali kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1962 Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisikiliza dai la vito vilivyoibwa ndani ya gari. Dereva alikuwa amelifunga gari, akaenda umbali mfupi kujisaidia. Mahakama iliamua kwamba gari lile halikuwa na mwangalizi, na fidia haikulipwa. Kipimo kinachotumika ni hiki: je, kuna mtu aliyekuwa akiliona gari, na aliye karibu kiasi cha kuweza kumzuia mwizi? Kuliona kupitia dirisha la ukumbi wakati unapiga picha za keki hakutoshi.

Gari lenye mlango mkubwa wa nyuma, ambalo buti yake haikutengwa na viti, lina tatizo lake. Mikataba mingine haihesabu eneo hilo kuwa buti mpaka kuwe na kifuniko kigumu kilichotengenezwa kwa ajili ya gari hilo. Blanketi lililotandazwa juu ya begi huenda lisikubalike. Uliza kwa kutaja aina ya gari lako.

Kisha kuna wizi wa rimoti. Mwizi anawasha kifaa kinachoziba mawimbi ya rimoti yako. Unabonyeza, unaondoka, gari halijafunga. Anafungua mlango kama mwenye mali, anachukua, anafunga. Hakuna kioo kilichopasuka, kwa hiyo hakuna alama, kwa hiyo hakuna fidia. Ukishabonyeza, vuta kitasa. Sekunde moja tu, na ukiifanya kila mara inakuwa mazoea. Vilevile panga vifaa kwenye buti kabla ya kuanza safari. Anayefungua buti mahali anapoegesha, akapanga mabegi, kisha akaondoka, amemwonyesha kila aliye karibu mali ilipo.

Kwa ratiba yako, ufumbuzi rahisi ni kumwacha msaidizi ndani ya gari kati ya ibada na tafrija. Gari lenye mtu ndani lina mwangalizi, na kipengele kile chote hakikuhusu kwa muda huo. Kama hawezi kubaki, begi lenye bodi na lenzi liende nawe, na garini vibaki vitu vya bei ndogo kama stendi na miavuli ya taa.

Msaidizi mwenyewe unatakiwa umtaje. Mikataba mingine hukinga vifaa vikiwa kwako tu. Mingine huruhusu wafanyakazi wako, lakini hufuta kinga kama mwizi ni mfanyakazi huyohuyo au mtu wa nyumbani kwako. Omba jina lake liandikwe kama mtumiaji aliyeruhusiwa, na anwani anakolala navyo iandikwe kama sehemu ya kuhifadhia. Kampuni ikiwa na sharti la aina ya kufuli, sharti hilo linamhusu na yeye nyumbani kwake. Vifaa ulivyokodi au kuazima kwa mwenzio navyo havimo mpaka viongezwe kama mali ya wengine iliyo chini ya uangalizi wako. Droni iangalie peke yake: wizi wake unaweza kuwa umo, lakini mara nyingi kinachotokea ikiwa angani kimeondolewa na kinahitaji bima yake.

Baada ya namna ya wizi, kinachoumiza ni thamani. Mkataba unaweza kulipa kwa njia tatu. Bei ya kupata kifaa kipya cha aina hiyo, bila kukata uchakavu. Au thamani ya sasa, yaani bei ya kipya ukitoa uchakavu wa miaka uliyokitumia. Au thamani mliyokubaliana mwanzoni na kuiandika, ambayo inafaa kwa kamera za zamani na lenzi adimu zisizotengenezwa tena. Tofauti yake ni kubwa hasa kwa bodi, kwa sababu bodi hushuka bei haraka kila toleo jipya linapotoka, ilhali lenzi nzuri hushikilia bei yake kwa miaka mingi. Ukilipwa thamani ya sasa kwa bodi ya miaka minne, fedha haitanunua bodi ya kufanyia kazi wikiendi ijayo.

Mtego wa pili katika thamani ni bima pungufu, na huu hesabu yake ifanye mwenyewe. Sema vifaa vyako vyote vina thamani ya 10,000 kwa fedha yoyote unayotumia. Ili kupunguza ada, uliandika 6,000, ukiamini haviwezi kuibwa vyote kwa pamoja. Wameiba bodi moja na lenzi moja za thamani ya 4,000. Unadhani utalipwa 4,000 kwa sababu ziko ndani ya 6,000. Kama mkataba una kipengele cha uwiano, na mingi inacho, kampuni itasema ulikata bima ya asilimia 60 ya mali yako, kwa hiyo itabeba asilimia 60 ya hasara: 2,400. Kisha inatoa kiasi cha kujibebea, ile sehemu ya kila hasara inayobaki juu yako. Kama ni asilimia 10 ya fidia na isipungue 250, asilimia 10 ya 2,400 ni 240, ambayo haifiki, kwa hiyo wanakata 250. Unapokea 2,150 kwa hasara ya 4,000, na hakuna aliyekudhulumu.

Kwa hiyo hesabu kila kitu, pamoja na vile vidogo vinavyosahauliwa: betri za akiba, chaja, memori kadi, vichujio, mabegi, kamba, rimoti za flashi, visoma kadi. Jumla yake hushangaza. Tumia bei ya leo ya kununua kipya kama mkataba unalipa kipya, na rudia hesabu kila unapohuisha bima na kila unaponunua kifaa. Uliza pia kama kiasi cha bima hushuka baada ya dai. Katika mikataba mingine, ukishalipwa 2,150 kwenye 6,000, unabaki na kinga ya 3,850 hadi mwaka uishe, isipokuwa ulipe ada ya kukirejesha.

Ukitaka kupunguza ada, kubali kiasi kikubwa zaidi cha kujibebea, usipunguze thamani. Flashi moja ikiibwa utainunua kwa mfuko wako. Bima iwe ya siku begi zima linapoondoka. Picha zenyewe hazimo. Kadi iliyojaa harusi ya mtu hulipwa kama kadi tupu, kwa hiyo tumia bodi inayoandika kwenye kadi mbili kwa wakati mmoja, na kadi moja utembee nayo mfukoni baada ya ibada. Kama kampuni inatoa nyongeza ya kukodi vifaa mbadala baada ya wizi, inunue. Kwa mtu wa harusi ina maana kuliko nyongeza nyingine yoyote, kwa sababu fidia huchukua muda na harusi ya Jumamosi haisubiri.

Ushahidi uandae sasa, ukiwa bado na vifaa mkononi. Tengeneza orodha yenye jina kamili la kila kifaa, namba yake ya kiwandani, tarehe na bei ya kununulia. Kwenye bodi namba hiyo huwa chini au nyuma ya skrini inayofunguka, kwenye lenzi huwa karibu na sehemu inayoungana na bodi. Ipige picha, usiinakili kwa mkono tu, maana 8 na B huchanganywa kirahisi na namba yenye kosa moja haithibitishi kitu. Risiti nyingi huchapwa kwenye karatasi ya joto inayofifia, nazo zipige picha siku ya kununua. Ulichonunua kwa mtu kiwe na hati ya mauzo yenye namba hiyo na sahihi za wote wawili. Kikibainika kuwa kiliwahi kuibwa kwa mwingine, kisheria hakikuwa chako, na kampuni haiwezi kukufidia mali ya mtu mwingine.

Kuna ushahidi mwingine ambao tayari unao bila kujua. Kamera nyingi huandika namba ya bodi, na mara nyingi ya lenzi, ndani ya faili la kila picha. Kiwango cha EXIF, yaani utaratibu wa taarifa zinazoandikwa ndani ya faili la picha, toleo 2.3 cha mwaka 2010 kiliweka nafasi rasmi kwa namba zote mbili. Programu ya bure iitwayo ExifTool huzisoma. Piga picha moja ya RAW (faili ghafi la kamera) kwa kila lenzi ukiwa na kila bodi, hakikisha namba zinatokea, kisha hifadhi mafaili hayo. Ukipoteza risiti, picha za miaka mitatu zenye namba ileile zinaonyesha kwamba kamera ilikuwa mikononi mwako muda wote huo. Usitegemee nakala ulizotuma kwa programu za ujumbe au kuweka kwenye mitandao ya kijamii, kwani nyingi huondoa taarifa hizo. Na orodha isikae kwenye kompyuta ndogo iliyo ndani ya begi lilelile. Iweke kwenye hifadhi ya mtandaoni na nakala moja kwa mtu unayemwamini.

Safari za nje zinahitaji neno. Mkataba una mipaka ya kijiografia, na nchi isiyotajwa haina kinga. Kwa nchi zinazokubali hati ya ATA Carnet, ambayo huruhusu vifaa vya kazi kuingia na kutoka kwa muda bila ushuru, orodha yake yenye namba za vifaa hugongwa muhuri wa forodha, na hivyo inakuwa ushahidi mzuri kwamba ulisafiri navyo. Kamera usiikabidhi kama mzigo wa chini ya ndege. Bima nyingi huondoa vifaa vilivyokabidhiwa kwa shirika la ndege, na chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 fidia ya mizigo kwa abiria mmoja ina kikomo, ambacho tangu mwisho wa 2024 ni SDR 1,519, kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kiasi hicho ni kwa mzigo wote, nguo zikiwemo.

Ikitokea umeibiwa, mpangilio wa saa za mwanzo ni muhimu. Usiguse mlango wala kioo kabla ya kupiga picha za alama. Nenda polisi siku hiyohiyo, utoe orodha yenye namba, uondoke na namba ya jalada. Ijulishe kampuni kwa maandishi ndani ya muda uliotajwa, ambao unaweza kuwa mfupi kama saa 24 au 48. Waombe wenye ukumbi wahifadhi rekodi za kamera za ulinzi siku hiyo, kwa sababu mitambo mingi hufuta za zamani yenyewe. Ukigundua baadaye kwamba kifaa kingine kimekwenda, rudi polisi kwanza uongeze kwenye maelezo, ndipo uiambie kampuni. Orodha mbili zisizolingana huamsha maswali mengi. Usinunue mbadala kabla kampuni haijakubali, kwani kampuni nyingine hulipa kwa kukununulia zenyewe. Na usiongeze hata chaja moja ambayo haikuibwa: mahali pengi uongo kwenye sehemu ya dai hufuta dai lote.

Kifuatiliaji kidogo cha bluetooth ndani ya bitana ya begi kinasaidia, lakini mpe polisi mahali kinapoonyesha, usiende mwenyewe. Kamera ikipatikana baada ya kulipwa ni mali ya kampuni, uitaarifu. Na bima mbili kwa kifaa kimoja hazikulipi mara mbili: kampuni hugawana hasara, kwa hiyo bima mpya ikianza, ondoa vifaa vya picha kwenye ile ya nyumba.

Wiki hii tuma barua pepe kwa kampuni mbili au tatu ukiuliza haya kwa maneno yako: Vifaa vya kazi ya kulipwa vimo? Vikiwa garini mchana bila mtu, kwa masharti gani, na kuanzia saa ngapi kinga inakoma? Alama za kuvunja zinahitajika? Msaidizi wangu akilala navyo kwake? Mnalipa kipya au thamani ya sasa, na kipengele cha uwiano kipo? Kiasi cha kujibebea ni kipi? Jibu likija bila namba ya kipengele cha mkataba, lirudishe uombe namba hiyo.